Kimio cha Nabasa

Mzee Eridadi wa Maliba alikuwa amekata vimio vya watoto wasio na idadi, na alijivunia hilo bila haya. Mtoto akikohoa juma zima, huitwa yeye. Hukinasa kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, hukikata kwa kisu chake cha ncha iliyopinda, kisha humwekea mama mtu kipande kiganjani. Mama hukizika chini ya mgomba, huomba, na kikohozi huhesabiwa kimezikwa nacho.

Jumatatu aliitwa Bwera kwa binti yake Kobusingye, amkate mjukuu wake mwenyewe, Nabasa, wa miaka minne. Mtoto alijirusha, kisu kikapita, na kipande hakikuonekana. Hakikuwa vidoleni wala kwenye damu aliyotema. Amekimeza, mzee akajiambia, yameisha. Lakini Kobusingye alikuwa amekinga kiganja, anangoja. Eridadi akaingia jikoni kunawa, akatoka na kipande cha ngozi ya kuku aliyechinjwa kwa ajili yake, akamwekea hicho. Jina la miaka arobaini asingelitupa kwa kinyama kidogo namna ile.

Kesho yake asubuhi Nabasa alikuwa akivuta pumzi kwa mluzi, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Wakamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Daktari Adong, mwanamke wa kaskazini asiyejua lugha yao, akawauliza kwa Kiswahili.

"Nani alikata?"

"Ni mimi," alisema Eridadi.

"Kipande ilitoka?"

Kobusingye akawahi kujibu. "Ilitoka, daktari. Nilishika na mukono yangu, nikazika."

"Basi ni kuvimba. Koo iko na milango mbili, ya chakula na ya hewa. Ya hewa ya mutoto iko ndogo kama murija ya soda. Ikivimba siwezi ingiza chuma, nikigusa inajifunga kabisa. Tutapiga sindano, tungoje."

Milango miwili! Miaka yote hiyo Eridadi alikuwa akiingiza kisu mle ndani, wala hakujua kuna mlango wa pili. Aliona aibu mbele ya binti yake. Kisha akausikia tena ule mluzi, na hofu ikaishinda aibu.

"Haikutoka," alisema. "Nilimuonyesha ngozi ya kuku."

Kobusingye akakitazama kiganja chake. Daktari akamkazia mzee macho. "Mzee, uko na hakika? Kama iko kuvimba tu na nikaingiza chuma, nitamuua. Na hospitali kubwa ya Kasese iko mbali, hatafika."

"Niko na hakika. Haikutoka."

Mtoto akapelekwa chumba cha upasuaji. Baba na binti waliketi benchi moja, katikati wameacha nafasi ya mtu mzima. Hatimaye kilisikika kilio cha Nabasa, cha kukwaruza lakini kimejaa pumzi, na Eridadi akafunika uso akalia.

Adong alitoka na kisahani cha chuma. Ndani yake mlikuwa na kinyama kidogo kuliko punje ya mahindi. "Ilikuwa inaziba mulango ya hewa," alisema.

Kobusingye alikipokea kisahani, akakitazama kitambo, akamsogezea baba yake.

"Zika wewe, tata. Mimi nilishaombea kuku."

Nyuma ya wodi palikuwa na mgomba mmoja. Eridadi hakuwa na jembe, ila kile kisu mfukoni. Akachimba nacho. Ncha iligonga jiwe ikakatika, naye akaendelea kuchimba.