Miguu Ndani ya Beseni

Kanisa letu ni moja lakini lilikuwa na ibada mbili. Ya saa tatu asubuhi ilikuwa ya Wazungu, na ya saa saba mchana ilikuwa yetu sisi weusi. Hakuna aliyeandika hivyo mahali popote. Ni utaratibu tulioukuta, na utaratibu wa kukutwa ni mgumu kuliko wa kuandikwa, maana hauna pa kufutia.

Saa tatu jengo lina ubaridi wa kupendeza. Saa saba bati limeshachemka, feni zimezimwa, na mito ya kukalia imekusanywa na kufungiwa kabatini isije ikachakaa. Makalio yetu yalihesabiwa kuwa hayachakai.

Nisingejali sana, mimi ni fundi cherehani, joto la pasi nimelizoea. Lakini mama yangu ni mzee, na karibu kila Jumapili alikuwa anazimia. Alizimia kwa adabu, katikati ya mahubiri, akimwegemea jirani, nasi tukampepea mpaka afungue macho na kuuliza mchungaji amefika wapi. Wageni walidhani ameshukiwa na Roho. Nesi wa zahanati aliniambia wazi kwamba siku moja hataamka. Tangu hapo kanisani nilimtazama mama kuliko mchungaji, na kumwambia abaki nyumbani, thubutu!

Tuliomba tupewe saa tatu. Mwenyekiti wa ibada ya kwanza ni daktari wa meno mstaafu, mtu mpole mwenye sauti ya kukuhakikishia kwamba hutaumia. Alisema ombi letu watalipeleka kwa Bwana. Wakalipeleka, na inaonekana Bwana naye alilifungia kabatini.

Kisha wakaenda semina ya ubaguzi wa rangi, wakarudi macho yamevimba kwa kilio. Wakakata shauri: watatuosha miguu. Watatufuata wenyewe saa saba, na kanuni wakatunga wenyewe pia. Kila anayeosha atapiga magoti kwenye saruji, bila mto, na hatainuka mpaka mwenye miguu aitoe mwenyewe kwenye beseni, iwe ishara kwamba amesamehe. Mchungaji wao alitusomea kanuni hiyo kwa raha, akairudia.

Sasa nani atapeleka miguu michafu mbele za watu? Jumamosi mtaa mzima ulisugua visigino. Mama alishika jiwe, akasugua mpaka nikaingilia.

"Mama, acha sasa, utabaki na mfupa."

"Unataka niaibike mbele ya daktari?"

"Ni daktari wa meno, mama."

"Daktari ni daktari."

Jumapili mabeseni yakapangwa. Daktari akapiga magoti mbele ya mama, mikono ya shati imekunjwa, akaitazama ile miguu kwa masikitiko.

"Mama, mbona ni safi?"

"Nimeoga, mwanangu. Kwani wewe hukuoga?"

Akaosha hivyo hivyo. Mama ana mnyeo. Alicheka, akarusha teke, maji yakaingia kwenye miwani ya watu. Daktari alivumilia, kisha akainua uso na machozi yakamtoka kweli.

"Mama, tumewakosea. Naomba utusamehe."

"Nimesikia, mwanangu. Saa tatu tunaanza lini?"

"Hilo... hilo ni la kamati. Tutaliombea."

Mama akaituliza miguu yake ndani ya maji.

"Basi endelea kuosha."

"Nimeshamaliza, Mama."

"Katikati ya vidole hujafika."

Hapo nikaelewa. Nikamkonyeza jirani, jirani akamkonyeza wake, na kwenye mstari mzima hakuna aliyetoa hata unyayo. Juu yetu bati likaanza kulia. Mchungaji wao, aliyempigia magoti fundi bomba wetu, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ndugu yangu, toa basi miguu."

"Nautafuta msamaha, Mchungaji," fundi bomba akajibu kwa upole. "Nahisi unakuja, halafu unarudi."

Mmoja akaomba mto wa kuwekea magoti. Kabati limefungwa, akaambiwa, na ufunguo uko nyumbani. Nilifurahi, na haikuwa furaha ya Kikristo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mpigishe magoti saa saba chini ya bati, atamjua upesi.

Ghafla daktari akaanza kuyumba. Uso uliokuwa mwekundu ukawa mweupe kupita weupe wake wa siku zote, na kichwa kikaangukia magotini kwa mama.

"We, usizimie!" mama akamkemea huku amemshika masikio. "Kuzimia hapa ni kazi yangu!"

Mkewe alikuwa ananiosha mimi. Aliniachia mguu akapiga kelele, nasi tukampepea mumewe kwa vitabu vya nyimbo, kazi tunayoijua vizuri kuliko nyimbo zenyewe. Alipofumbua macho akamtazama mama.

"Kila Jumapili ni hivi?"

"Leo kuna mawingu," mama akasema.

Mke wa daktari ndiye aliyesimama, kanuni akaivunja bila kuomba ruhusa, akawageukia wenzake.

"Saa tatu nusu ya mabenchi yetu ni matupu. Hawa wote wanaenea. Sasa tulikuwa tunamwomba Mungu nini, aongeze mabenchi?"

Mchungaji wao akauliza wanaokubali tusali pamoja saa tatu. Mikono ikainuka, mingine bado na sabuni. Mzee mmoja akasema tusiharakishe, labda kwanza kamati ndogo, na fundi bomba, aliyekuwa ametoa mguu mmoja, akaurudisha. Mzee akainua mkono haraka. Basi miguu yote ikatoka kwa pamoja, sakafu ikawa bwawa, na mchungaji akateleza katikati ya kutamka baraka.

Jumapili iliyofuata tulikaa mchanganyiko, tukiombana radhi kwa kila kiwiko. Wao huimba polepole, sisi mbio. Tulikutana kwenye "Amina". Mama alikaa kati yangu na daktari, chini ya feni, amekalia mto.

Mahubiri yalipofika katikati, kichwa chake kikamlalia daktari begani. Maskini alishtuka akaanza kuita maji, nusu ya kanisa ikasimama. Nami nikaweka mkono kifuani kwa mama, nikainamisha sikio. Alikuwa anakoroma.

"Mwache, Daktari," nikasema, machozi yananitoka na sikuyafuta. "Amelala tu."