Farasi wa Tango

Sumie alichomeka njiti ya nne ya kiberiti kwenye tango, akaliweka sakafuni, likasimama. Lilikuwa tango la sokoni Tainan, limebonyea kidogo mgongoni, na hilo lilimpendeza, maana mpandaji mwenyewe alikuwa mdogo na asingeteleza kwa urahisi. Akaligeuza lielekee ndani ya nyumba. Kisha akavunjavunja vijiti vya kulia, vile ambavyo migahawa hutoa bure vikiwa ndani ya karatasi, akavipanga kwenye sahani ya udongo mlangoni na kuviwasha. Kwao Niigata, Japani, wangetumia mabua ya katani, lakini aliye ugenini hutumia alichonacho.

Ilikuwa tarehe kumi na tatu Agosti, saa kumi na moja jioni, siku ambayo wafu wa Kijapani hushika njia ya kurudi nyumbani kwao kutembea. Farasi wa tango huwaleta mbio. Siku ya kumi na sita ng'ombe wa bilinganya huwarudisha polepole, wakigeuka nyuma kadiri wapendavyo. Sumie alitengeneza farasi peke yake. Bilinganya za Tainan ni ndefu na nyembamba, alijiambia, ukizitia miguu zinaanguka kifudifudi. Hiyo ndiyo sababu aliyoiweka tayari endapo angeulizwa. Ukweli ni kwamba akishampata Madoka, hakuwa na nia ya kumwacha aende tena.

Madoka alikuwa kifungua mimba wake. Alikufa miaka mitatu nyuma akiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo iliyoanza Jumatatu kama mafua na kumaliza kazi yake Alhamisi. Mwaka uliofuata kampuni ikamhamishia mumewe, Tetsuro, kwenye kiwanda cha Tainan, kisiwani Taiwan. Kibao chenye jina la marehemu, kile kinachofukiziwa ubani na kuwekewa wali kila asubuhi, kilibaki Niigata kwa mama mkwe. "Mtoto wa ukoo habebwi kama sanduku la nguo," mama mkwe alikata kauli, na Tetsuro akatazama miguu yake. Tangu hapo, huku ugenini, kila mtu alimwita Sumie Mama Kozue, kwa jina la binti yake mdogo. Hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuwa Mama Madoka.

Moshi ulimtoa Kozue chumbani. Alikuwa na miaka minane. Mwezi uliofuata angetimiza tisa.

"Mama, unachoma nini?"

"Namwonyesha dada njia."

"Ataijua hii nyumba? Hajawahi kufika. Halafu Bibi naye si anamwita kule?"

"Atakuja kwa mama yake," Sumie alisema, akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kizima, kama cha zamani, na Kozue akabaki akimwangalia mdomoni hadi kilipokwisha.

Tetsuro aliporudi kazini aliliona jivu, akavua viatu bila haraka, kama mtu anayechagua maneno.

"Mama amenipigia simu ofisini. Kule wameshawasha moto wa kumpokea. Sasa wewe na wewe umewasha. Mtoto mmoja anaalikwaje nyumba mbili?"

"Basi achague."

"Sumie."

"Nimesema achague. Chakula kipo mezani."

*

Tarehe kumi na sita familia za kampuni zilipanda basi kwenda Kenting, kusini kabisa mwa kisiwa, kuogelea. Kwa wenyeji, mwezi wa saba wa kalenda yao ulikuwa umeanza siku mbili zilizopita. Lango la kuzimu liko wazi mwezi ule wote, na mtu mwenye akili timamu haingii baharini akavutwe miguu. Kwa hiyo ufuo ulikuwa mtupu, na Wajapani wakaumiliki. Wanaume walitawanyika kutafuta bia, watoto wakakimbilia maji, na wake zao wakakaa chini ya miavuli wakigombea kanda za video: mmoja wao alikuwa ametumiwa tamthilia iliyorekodiwa na dada yake kule nyumbani, vipindi kumi na viwili vizima, na kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kuazima.

"Wa kwanza ni Mama Kozue," aliamua Bi Horiuchi, mke wa meneja, ambaye maneno yake miongoni mwao yalikuwa sheria. "Hebu mwoneni leo anavyong'ara. Mwenzetu, kuna nini? Mume kapanda cheo mkatuficha?"

"Ndoto za mchana hizo, Mama Mkubwa. Mume wangu akipanda cheo mtaniona nimevaa lulu hata sokoni."

"Basi una mimba!"

Walicheka hadi wakalaliana mabegani. Sumie naye alicheka. Karibu na magharibi akakumbuka kwamba saa ile, kote Niigata, watu wanawasha moto wa kuwaaga wafu wao. Alivua saa ya mkononi, akaitumbukiza mkobani chini ya taulo.

Baadaye hotelini waliletewa barafu ya kusaga yenye maharage mekundu ya sukari. Kozue hakuwahi kuyapenda maharage yale. Siku zote aliyasukumia ukingoni mwa bakuli. Jioni ile alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, akayachokoa maharage moja moja, akayala yote kwanza, ndipo akaigusa barafu. Hivyo ndivyo Madoka alivyokuwa akila. Alikuwa wa mashoto, na alianza na kitamu kwa kuogopa kwamba Kozue, wakati huo mdogo, angemwomba.

Mama mwingine angeingiwa na hofu. Sumie alijawa na furaha, akamsogezea na maharage ya bakuli lake mwenyewe.

*

Zikafuata siku alizozihesabu baadaye kuwa za raha kuliko zote alizoishi Tainan. Shule ilikuwa imefungwa. Asubuhi walikwenda bwawa la klabu, mchana walitazama ile tamthilia feni ikiwapulizia, na wiki iliyofuata walicheza ngoma ya kiangazi katika uwanja wa shule ya Kijapani, taa za karatasi zikining'inia kwenye kamba za kuanikia. Kozue alicheza amevaa kimono chepesi cha buluu kilichokuwa cha dada yake. Sumie alikitoa mwenyewe chini kabisa ya sanduku, akakipiga pasi, na alipokifunga mkanda alikikuta hakihitaji kupunguzwa hata kidogo.

Nyumbani mtoto alianza kukaa kwenye ngazi akivuma wimbo bila maneno. Alipiga mswaki akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Alichora paka wasio na masharubu. Yote hayo Sumie aliyajua, na kila moja alilipokea kimyakimya, akiogopa kulitaja lisije likatoroka. Usiku alimfunika shuka na kunusa nywele zake. Siku moja, akiwa jikoni, alimwita Madoka aje kuonja mchuzi. Jina lilimponyoka tu.

"Naam, mama," mtoto akaitika, akaja.

Sumie hakulisahihisha. Kesho yake alilitumia tena, mara hii kwa makusudi.

Tetsuro aligundua Jumapili, alipotoka kwenye gofu na wakubwa zake, ngozi ya shingo imemwiva kwa jua. Kozue alikuwa mezani akiandika kazi ya likizo.

"Tangu lini unaandika kwa mkono wa kushoto wewe?"

Mtoto alimtazama mama yake.

"Mwache," Sumie akasema.

"Nimwache vipi? Hebu ona mwandiko wenyewe, kama kuku wamepita. Kozue, shika kalamu vizuri."

"Nimesema mwache!"

Tetsuro akasogea karibu, akashusha sauti. "Huyu ni Kozue."

"Mwanangu namjua."

"Kweli? Maana mimi mwenyewe jana nimemkuta ngazini, nikasimama chini dakika nzima. Miguu ilikataa kupanda." Macho yalimlowa. Hakuwa mtu wa machozi. Hata mazishini alikuwa akiwapangia wageni viatu. "Nilitaka iwe kweli, Sumie. Ndiyo maana nakwambia acha."

Akaenda kuwasha televisheni, akaongeza sauti hadi majirani wakasikia.

*

Mwenye nyumba wao, Bi Tan, aliishi ghorofa ya chini. Alikuwa na miaka sabini na Kijapani safi cha shule, alichofunzwa utotoni wakati kisiwa kilipotawaliwa na Wajapani, na alikisema kwa adabu za kizamani zilizowafanya wake wa kampuni wajione washamba. Siku ya kumi na tano ya mwezi ule wa kienyeji alitandika meza barabarani kama nyumba zote za mtaa: nyama, mapera, biskuti, bia, na beseni la maji lenye taulo jipya, ili wafu wasio na kwao wanawe uso kabla ya kula. Aliwaita ndugu wema, kwa heshima, maana wakiitwa mizimu hukasirika. Halafu akapanda juu na sahani ya mapera kwa wapangaji wake.

Alivua viatu, akasalimu, na jicho lake likatua rafuni. Tango lilikuwa limenyauka, limekunjamana, lakini bado limesimama kwa miguu yake minne.

"Mke wa mwalimu wangu alikuwa akitengeneza hivi," alisema. "Mwenzake yuko wapi?"

"Sikupata bilinganya nzuri, Bi Tan."

"Tainan? Bilinganya?"

"Za kwenu ni ndefu. Hazisimami."

"Si ukate kipande, mwanangu." Bi Tan alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ni nani?"

Miaka miwili Sumie alikuwa hajaulizwa swali hilo na mtu yeyote. "Binti yangu mkubwa," alisema.

Bikizee hakumpa pole. Alitazama mlango wa chumba, ambako Kozue alikuwa ameketi chini, kimya, rangi zimetapakaa.

"Hamkumuaga."

"La."

"Huyu wako mdogo zamani akinipita ngazini hanipi nafasi. Bi Tan hiki, Bi Tan kile, Bi Tan mbona jino lako la dhahabu. Sasa ananiamkia kama mgeni aliyefika jana." Akakuna goti. "Mimi sijui mambo ya Kijapani, sina la kukufundisha. Ninalojua, chakula cha barabarani ni cha waliokosa pa kwenda. Wetu wenyewe tunawalisha ndani, wakishiba tunawaacha waende, na mwakani wanarudi. Anayezuiliwa si mgeni tena. Atakula nini? Atalala kwa nani?"

"Tarehe yenyewe imepita, Bi Tan. Ni siku kumi na mbili sasa."

"Tarehe yenu imepita. Hapa lango liko wazi hadi mwisho wa mwezi." Akavaa viatu vyake. "Mapera yaleni leo, kesho yatalainika."

*

Sumie alikaa siku tatu akigombana na maneno hayo. Alijitia hamnazo, akafua mapazia yasiyo machafu, akaenda kwa Bi Horiuchi kunywa chai na kusema uongo kwamba tamthilia hajaimaliza. Siku ya tatu aliingia chumbani, akamkuta mtoto akiandika, ulimi nje, kalamu katika mkono wa kushoto, na vidole vimebana hadi kucha zimekuwa nyeupe. Kwa mara ya kwanza katika majuma mawili alijiuliza Kozue yuko wapi, na hapo ndipo hofu ilipomwingia.

Alikwenda sokoni. Alikata bilinganya kipande kifupi, akakitia miguu, kikasimama bila shida yoyote. Alasiri ile, jua likiwa bado kali, yeye na mtoto walichuchumaa mlangoni mbele ya sahani ya udongo. Vijiti vilishika moto. Sumie alikuwa amepanga kusema maneno ya heshima, lakini yaliyotoka yalikuwa ya kila siku, yale ambayo mama humwambia mtoto anayekwenda shule.

"Haya, mwanangu. Usikimbie barabarani. Msalimie babu huko. Na usiache..." Akashindwa. Alilia kwa sauti, mikono imezuia mdomo, kwa kilio ambacho mazishini alikimeza mbele ya wageni. Moto ulikuwa mdogo, ukaisha kabla yake.

Kozue alisubiri hadi mama yake alipofuta kamasi.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Kweli kabisa?"

"Kweli."

"Basi naweza kuacha?"

"Kuacha nini?"

"Haya yote." Mtoto alinyoosha mkono wa kushoto na kuonyesha chini ya kidole gumba. "Panauma hapa. Na yale maharage, mama, yananitia kichefuchefu." Akaongeza haraka, kama anayejitetea: "Siku ile ya moto ulicheka. Nikaona usipomwona, utaacha kucheka."

Aibu aliyoipata Sumie hapo hakuwahi kumsimulia mtu, hata Tetsuro. Aliuchukua ule mkono mdogo, akaanza kuukanda kwa vidole vyake, kiganja, kifundo, kidole kimoja kimoja, na alipomaliza akaanza upya. Chini barabarani Bi Tan alikuwa akimfokea muuza samaki. Jivu lilipeperuka kidogo likatua kwenye magoti yao.

"Leo tutapika unachotaka wewe," alisema. "Chochote. Unataka nini, Kozue?"

Mtoto akafungua mdomo, akaufunga. Akafikiri. Kisha akainua macho na kuanza kumchunguza mama yake usoni, kwa makini, kama alivyozoea, akitafuta jibu humo.

Sumie akageuza uso, akautazama ukuta, asimwachie cha kusoma, akangoja.