Godoro la Kipipa

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Bucha kwa sababu ya kazi yake, na watoto walimkimbia kwa sababu ya mkono wake. Dukani mkono huo ulipasua paja la ng'ombe kwa mapigo matatu. Nyumbani nako haukupumzika. Mkewe aliuvumilia miaka mitano, kisha siku moja akafunga virago akarudi kwao, akamwachia binti wa miaka minne aliyepewa jina la Kipipa kwa unene wake.

Sasa huyo Kipipa, jamani, alikuwa na yake. Hakusema neno. Hakumtazama mtu usoni. Ukimgusa shingoni kidogo tu, anapiga ukunga mtaa mzima utoke nje. Lakini huyo huyo alijibamiza ukutani kwa bega, alijiangusha sakafuni makusudi, na aliwaparamia watoto wenzake akawauma mpaka damu. Babake hakujua dawa nyingine, basi alimchapa. Alimchapa kwa mkanda, kwa kandambili, kwa mkono mtupu. Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililompandisha Bucha mori zaidi.

Vituo viwili vya kulelea watoto vilishamrudisha nyumbani. Cha tatu kilimpokea kwa sharti. Mkuu wa kituo alisema wazi: mwezi mmoja. Ukiisha bila Kipipa kuweza kucheza na wenzake, akae kwao. Na kukaa kwao ilikuwa kufungiwa chumbani kutwa nzima, maana duka la nyama halijiendeshi lenyewe. Bucha alimpenda binti yake. Msicheke, alimpenda kweli, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi hiyo kazi inavyofanywa.

Mlezi wa darasa la wadogo alikuwa mwanamke mwembamba, mbishi, mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza alimkalisha Bucha kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Baba Kipipa, mtoto huyu si mjeuri. Mwili wake haumwambii uko wapi. Anajigonga ili ajisikie."

"Na nikimchapa?"

"Unamvuruga zaidi. Huyu anataka mzigo wa kusukuma. Anataka kukumbatiwa kwa nguvu, si kupapaswapapaswa. Akitulia ataanza kuwaangalia watu, na akiwaangalia ataiga. Siku akimwiga mtu, hata kupiga makofi tu, ujue tumepata. Mtoto anayeiga anaweza kucheza."

Neno hilo lilimganda Bucha. Kuiga. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kupokea nyama, alichuchumaa mbele ya Kipipa akapiga makofi. Alitoa ulimi. Alivaa bakuli kichwani, dume zima na kifua chake. Kipipa aliangalia dari. Wiki ya tatu uvumilivu ulimwisha, akavua mkanda, na baadaye akakaa mlangoni akijionea haya mpaka wateja wakaja kumuulizia.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, nyama iliisha mapema. Bucha alifunga duka akaenda kituoni saa nne asubuhi, aproni yenye damu bado kiunoni. Uani watoto walikuwa wakisukuma madumu ya maji, wanapokezana wawili wawili. Kipipa hakuwamo. Ndipo ukasikika ukelele kutoka chumba cha pembeni, mrefu, wa kukatikakatika, na Bucha aliijua sauti ya mwanawe.

Akachungulia dirishani. Sakafuni kulikuwa na godoro jembamba la sponji lililoviringishwa. Miguu miwili midogo ilichomoza upande mmoja, inatupatupa mateke. Mlezi alikuwa amepiga magoti, viganja vyote viwili juu ya godoro, anakandamiza kwa uzito wake wote. Ukelele ukatoka tena.

Hakubisha hodi. Bawaba za mlango ziling'oka kwa teke la kwanza. Alimkamata mlezi nywele, akamvuta mpaka katikati ya chumba, akapiga goti kando yake, akamtwanga ngumi ya mdomo.

"Utaacha?" alinguruma. "Utaacha?"

Jino likatoka. Mlezi alijaribu kusema kitu, akapata ngumi nyingine, maneno yakarudi ndani pamoja na damu. Akainua mkono kujikinga. Bucha aliudaka akaupinda, akasikia mfupa ukivunjika, sauti anayoisikia kila siku ya kazi, na bado hakuacha. Nje watoto walianza kulia mmoja baada ya mwingine.

Aliyemsimamisha ni mpishi wa kituo, mama mtu mzima ambaye wote walimwita Shangazi. Aliingia na sufuria ya chuma akampiga nayo kisogoni, kisha akampiga tena sikioni. Bucha akaanguka kwa mikono na magoti, damu ikamtiririka shingoni.

"Anacheka, mwendawazimu wee," Shangazi alisema akihema. "Mtoto alikuwa anacheka. Kila siku saa nne anaviringishwa humo, kichwa kiko nje, anacheka mpaka anapaliwa. Godoro analileta mwenyewe."

Bucha alitazama upande wa pili wa godoro, ule ambao dirishani hauonekani. Kichwa cha Kipipa kilikuwa pale nje, anapumua bila shida. Miaka minne, na hakuwahi hata mara moja kumsikia binti yake akicheka. Angekijuaje kicheko chake?

Kipipa alijikunjua akatoka kwenye godoro, ametulia, jasho linamtoka puani. Alitembea polepole, hakugonga kiti wala ukuta. Akasimama kando ya mlezi aliyelala chali. Akaangalia ngumi ya babake, akaiangalia sana, vidole na damu yake. Kisha akapiga goti. Akamkamata mlezi nywele kwa mkono wa kushoto. Akakunja wa kulia, akampiga ngumi ya mdomo, barabara.

"Utaacha?" alisema. Sauti ilikuwa nzito, haijazoea maneno. "Utaacha?"

Shangazi aliiachia sufuria ikaanguka. Mlezi hakusogeza uso. Machozi yalimtoka, na kwa midomo iliyopasuka akasema taratibu, "Ameiga."

Kipipa alipiga mara ya pili. Halafu akainua kichwa, akamtazama babake machoni kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na akasogea kando kidogo ili naye apate nafasi.