Chupa ya Musafiri

Ulisikia. Usiniambie hukusikia. Shimo la dhahabu la Musafiri, kule Salamabila, liliporomoka mwezi wa tatu likafunika watu sita. Ukasema "masikini", ukageuza uso. Geuka basi, usikie habari za Feza.

Feza wa Kasongo, mke wa Iliasi, mmoja wa wale sita, hakulia. Amlilie mtu ambaye hakuoshwa wala kuzikwa? Wakwe zake walipomtaka akae eda kama mjane yeyote wa Kiislamu, alikataa.

"Eda ya nani? Mumemuzika wapi?"

Wachimbaji waliorudi walikuwa na lao. Walisema Musafiri, PDG, yaani mwenye shimo, ameziteka roho za wale sita. Anazifuga ndani ya chupa kama watu wafugavyo majini, anazinywesha damu, nazo zinamchimbia dhahabu. Atakayegusa kile kifusi, naye atafungwa humo.

Watu waliogopa. Feza alifurahi. Alijiambia kwamba mtumwa si maiti. Mtumwa huweza kukombolewa. Kila adhuhuri alimpakulia Iliasi sombe, yale majani ya muhogo, na ukoko wa ugali aliokuwa akiugombania, kisha akazungumza na ile sahani: "Wanakupa maji? Mugongo ungali unakuuma?" Chakula kilipoa. Yeye alikaa.

Mwezi wa tano alipanda moto, pikipiki ya abiria. Siku mbili za tope, wakipitia Kabambare, hadi akafika asubuhi kweupe mbele ya lile shimo. Chupa ilining'inia kwenye mti, imefungwa kitambaa chekundu. Karibu yake mama mmoja wa Kibangubangu, Mado, alikuwa akikaanga mikate ya kuuza.

Alimtambua kwa mtandio wake. "We mama wa Kasongo, unatafuta nini huku?"

"Bwana yangu. Iko mule mu chupa."

Mado alicheka, lakini si kwa furaha. "Wababu zenu walifunga wetu minyororo, wakawauza mbali. Leo wamefunga wenu, ndiyo munajua njia ya kwetu?"

Feza aliinamisha kichwa. Kwao Kasongo, mji wa wauza watumwa wa zamani, hayo hayasemwi, lakini hakuna asiyeyajua. "Ni kweli, dada. Nisaidie tu niishushe."

Mado akamshikia kreti ya bia apande. Feza alifungua kitambaa, akaweka sikio kwenye mdomo wa chupa.

"Iliasi. Ni miye."

Kimya. Ndani mlikuwa na mawese na manyoya ya kuku.

"Hamuna mutu mule," Mado akasema polepole. "Michel, mutoto wangu, naye iko chini. Siku tatu walikuwa wanagonga, mama. Tulisikia! Tulikamata majembe. Musafiri akaleta ile chupa, akasema ni mashetani ndiyo yanagonga. Tukakimbia. Miye pia nilikimbia. Siku ya ine, kimya."

Feza aliikumbatia ile chupa. Angeweza kuifunga tena, aende nayo Kasongo, ailaze kwenye mto wa Iliasi na kuendelea kumpakulia. Hakuna ambaye angemcheka. Alikaa nayo mpaka mikate ya Mado ikaungua.

Kisha akaiweka chini, akaomba jembe.

Walinzi wa Musafiri walikuja mbio. "Toka! Utafungwa, we mwanamuke!"

"Munifunge basi," akasema Feza akiinua jembe. "Nitakuwa naye."

Hawakuthubutu kumgusa, maana hata wao walikiogopa kile kifusi. Mado akaacha karai lake, akaanza kuzoa udongo kwa mikono.

Wako pale mpaka sasa, wanawake wawili mbele ya mlima wa udongo. Hawawezi kuumaliza peke yao, na wewe unajua. Moto za Salamabila zinaondoka kila asubuhi. Chukua jembe, ita jirani yako, panda. Usingoje kesho. Njoo tuwatoe watu wetu, tuwaoshe, tuwazike.