Ng'ombe Waliopigiwa Simu

Rispah Nakhungu aliingia benki ya Kitale kwa mlango wa mbele, akatolewa, akaingia tena kwa mlango wa nyuma kama mtu anayeleta kuni. Hakupiga kelele. Alikuwa amenawa miguu kwenye bomba la stesheni, akavaa viatu vya marehemu mumewe, vyenye matambara puani ili visimpwaye, na hasira alikuwa anaiwekea akiba. Alijua siku bado mbichi.

Nyuma kulikuwa na dirisha dogo na karani mmoja, Absalom, kijana wa kwao Matulo aliyesoma misheni. Meneja mzungu alikaa mezani kule ndani. Maneno yake yalipitia kwa Absalom, na yalipofika dirishani yalikuwa yamekonda.

"Mama, Bwana anauliza pesa ni za nini?"

"Za jiwe. Nina kinu cha maji, jiwe la juu limepasuka. Duka la vyuma hapo ng'ambo wanalo, lakini hawakopeshi."

Hakusema yote. Hakusema kwamba shemeji yake Wabwile alikuwa ameshakaa na wazee wa ukoo, akawanywesha busaa, wakakubaliana: kinu kisiposaga mahindi ya mavuno haya, mfereji wa maji apewe mwanamume. Mfereji huo Rispah aliuchimba na mumewe kwa jembe, tangu kilimani hadi chini mtoni. Wabwile siku hizo alikuwa na maumivu ya mgongo. Mgongo ulipona mfereji ulipokwisha.

"Bwana anauliza, una hati ya shamba?"

"Shamba ni la ukoo. Hati nitaitoa wapi, nimfukue babu?"

Absalom alitafsiri nusu.

"Una mume?"

"Alikufa."

"Hakuna mwanamume yeyote pale nyumbani?"

"Kuna jogoo. Lakini na yeye hana hati."

Absalom alikohoa kwenye kiganja. Meneja akasema maneno marefu, akionyesha ukuta kama vile sheria imetundikwa pale.

"Anasema sheria haitaki Mwafrika akopeshwe pesa nyingi bila sahihi ya serikali. Ati ni kumlinda, asiumizwe na madeni."

"Mwambie ahsante. Wamenilinda na hati, wamenilinda na mlango wa mbele, sasa wananilinda na jiwe. Nitakufa nikiwa salama kabisa."

Hii Absalom hakuitafsiri hata kidogo. "Mama," akanong'ona, "kama una mali yoyote, sema. Pengine ataangalia."

Hapo ndipo Rispah alipokosea.

Kwao, mwenye ng'ombe hawaweki wote boma moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki wa mbali. Rafiki anawachunga, maziwa ni yake, na baada ya miaka anapewa ndama. Ugonjwa ukiingia kwako, haukumalizi. Hakuna kuandikiana, na hakuna kuwataja ng'ombe hao mbele ya mtu. Mtoto anajua hilo kabla hajajua kufunga mkanda. Lakini Rispah alikuwa ameitwa maskini asubuhi nzima kwa lugha mbili, na roho ikamwasha.

"Mali ninayo!" akasema kwa sauti, meneja asikie. "Nina ng'ombe watatu, mmoja wa paji jeupe, kwa Mama Jerono, huko kwa mzungu mwenye shamba la njia ya Endebess."

Meneja alipotafsiriwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akanyanyua simu.

"Anataka kuhakikisha tu," Absalom akasema. "Rudi mchana."

Rispah alivuka barabara, akaingia duka la vyuma, akalipapasa lile jiwe kama mtu anayepima mgongo wa mtoto mgonjwa. Muuzaji akamfukuza. Akatoka na vumbi jeupe mkononi, hakulifuta.

Mchana aliporudi, Absalom alimngojea nje, bila kofia.

"Mama, mambo yameharibika. Yule mwenye shamba amesema hajui ng'ombe hao. Ati skwota wake, hao wafanyakazi wanaokaa shambani mwake, wana ruhusa ya ng'ombe wachache tu, na hao watatu wamezidi. Ameita polisi." Akainama. "Mimi nilitafsiri tu."

"Na mkopo?"

"Bwana anasema sasa huna dhamana."

Rispah alivua viatu vya marehemu, akavibana kwapani, akakimbia.

Alikutana nao njiani. Nyapara mbele, askari nyuma, katikati ng'ombe watatu wakipelekwa mnadani. Yule mwenye paji jeupe alisimama, akamtazama, akanyoosha shingo. Rispah akatazama miti. Askari akampiga ng'ombe fimbo, wakaendelea.

Chepkemei, ambaye ndiye Mama Jerono, alikuwa mlangoni pa nyumba yake ya nyasi, mikono imelegea.

"Wamemchukua Baba Jerono," alisema. "Alikataa kufungua boma. Kesho asubuhi ni faini ama jela. Akienda jela, Bwana anatufukuza hapa, mimi na watoto."

"Ehe."

"Miaka yote tunawaficha hao ng'ombe. Bwana akija kuhesabu, tunawasukuma korongoni. Leo amekuja moja kwa moja, ati wa paji jeupe yuko wapi? Rafiki, nani ametutaja?"

Rispah angeweza kusema ni majirani. Majirani wapo kila mahali, na huwa hawakosi kosa. Akafungua mdomo kuwasingizia, mdomo ukakataa.

"Ni mimi. Nilitaka benki waone mimi ni mtu."

Chepkemei aligeuka. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu.

"Kunywa," akasema. "Ni maziwa yao ya mwisho."

Rispah akanywa. Alikuwa hajawahi kunywa kitu kigumu kama yale maziwa.

Alifika Bungoma jua likizama, juu ya lori la mahindi. Muhdhar alikuwa anatoka msikitini kurudi dukani kwake. Yeye alinunua mahindi ya nusu ya wilaya, na alijulikana kukopesha.

"Mimi sikopeshi, Mama Rispah," alisema akiketi. "Riba ni haramu. Mimi nanunua mapema. Mahindi yako yako shambani, nayanunua leo."

"Bei gani?"

"Nusu ya ile ya mavuno."

"Kumbe riba ni haramu, lakini nusu ni halali."

Nyuma ya pazia Hasina, mke wa Muhdhar, akacheka mpaka vikombe vikagongana. "Amekupata, Baba Sabiha!"

Muhdhar hakucheka. "Unafikiri mimi napenda? Hata mimi nilienda kwa hao watu wa Kitale. Wakaniambia duka langu ni la mabati, si la mawe. Pesa ninayokupa wewe, mimi pia nimeichukua kwa tajiri wa Kisumu, na huyo ananinyonya kuliko mimi ninavyokunyonya. Kila mtu anamnyonya aliye chini yake, bana. Wewe tu ndiye uko mwisho."

"Si mwisho," Rispah akasema. "Chini yangu kuna jogoo."

"Una dhamana nyingine, nikuongezee bei? Ng'ombe?"

Rispah alimtazama vizuri. Chepkemei alikuwa amemnong'oneza jambo wakiagana, kuhusu mtamba mmoja wa yule wa paji jeupe, aliyehamishwa zamani kwenda mahali fulani mlimani.

"Sina," akasema. "Hata mkia."

Akauza mahindi yake yote kwa nusu bei. Pesa hizo hazikutosha jiwe. Zilitosha faini.

Asubuhi alikuwa Kitale tena, kwenye dirisha la korti. Hili pia lilikuwa la nyuma. Karani wa hapo, mtu wa shingo fupi, alipokea noti moja moja kama anayechambua dagaa.

"Unamlipia huyu mzee? Wewe ni nani yake? Si wa kabila lako."

"Ni benki yangu," Rispah akasema. "Imefungwa. Nimekuja kuifungua."

Karani akatafuta kama ametukanwa, hakuona wapi, akagonga muhuri.

Baba Jerono alitoka akifinya macho kwa sababu ya jua. Walitembea, wakapita mbele ya benki, wakapita duka la vyuma. Mlango ulikuwa wazi, jiwe lilionekana pale chini, jeupe, zima. Mzee akasimama. Habari za jiwe alikuwa amezisikia tangu mwaka jana.

"Na jiwe lako, mama?"

"Liko dukani," Rispah akasema, akavaa viatu. "Linalindwa."