Siku Rispah Alipoapishwa

Nyumba ya Kawira pale Toongabbie, kitongoji cha Sydney, ilikuwa imejaa pomoni. Viti vimeazimwa kanisani, pilau inanukia hadi barabarani, na viatu vimerundikana mlangoni mpaka mtu akitaka kutoka sharti aruke. Wote walikuja kumtazama Rispah akiapishwa kuwa seneta kule Nairobi. Alasiri ya Sydney ni asubuhi ya huko, kwa hiyo watu walikuwa wametoroka kazini, na wengine, nisiwataje, walikuwa wamepiga simu kusema wanaumwa.

"Kaeni chini, nyinyi! Mnaziba runinga," Kawira akafoka, mwiko mkononi. Alikuwa amefurahi mno, na akifurahi hufoka.

Alikuwa na haki ya kufurahi. Rispah alikuwa amekaa chumba cha nyuma cha nyumba hiyo hiyo miaka miwili, tangu alipokuja kusoma. Walikula pamoja, wakasukana nywele, wakaenda kanisani gari moja. Na kiti chenyewe hakikupigiwa kura. Viti vile vya Seneti hugawiwa na vyama, na anayekipata ni yule ambaye jina lake limesemewa na kubembelezewa. Aliyelisemea la Rispah ni Kawira. Akitoka zamu ya kuuguza wazee Seven Hills, hajavua hata sare, yuko kwenye simu na Nairobi mpaka sikio linawaka moto. Akawakusanya Wakenya wa pande zile wawaambie wakubwa wa chama kwamba walio ng'ambo nao wanataka mtu wao.

Mkubwa mmoja akamuuliza, "Na huyo mama ana bwana? Maana huku mwanamke asiye na bwana watu watamsema."

Kawira alipokata simu alicheka hadi akaegemea friji. "Rispah, we azima tu wangu!" Wanawake wote jikoni wakavunjika mbavu. Mutua, mumewe, aliyekuwa akiosha vyombo, naye akacheka.

Ilipofika wakati wa Rispah kwenda kukifuatilia kiti, Kawira ndiye aliyembembeleza Mutua achukue likizo amsindikize. Wanaume wa chama anawajua. Mwanamke akiingia ofisini kwao peke yake watamzungusha mpaka achoke. Akafunga na zawadi za mamamkwe wake kule Machakos: blanketi mbili nzito, na koti la zambarau lenye vifungo vikubwa vya mbao, alilolichagua mwenyewe madukani Parramatta. "Mpe mkono kwa mkono," alimwambia Rispah. "Mwambie vimetoka kwangu. Na ulale pale pale kwake, umwite mama."

Mutua alikwenda kwa wiki tatu. Zikawa miezi. Akiulizwa, ni kampeni. Mara mama hajisikii vizuri. Mara kiti bado hakijatangazwa. Kawira hakuwa na wasiwasi. Angekuwa nao wa nini? Ni yeye aliyemtuma.

Basi, huko sebuleni, Dorothea, jirani Mtanzania, akaruka na simu yake. "Jamani, ndugu yangu yuko Nairobi anasema ameshaapa! Mbona sisi hapa bado yuko kwenye foleni?"

"It's delayed, Auntie," akasema Cheryl, binti wa Kawira wa miaka kumi na mitatu, bila kuinua kichwa. "Like a minute."

Na kweli, picha ilichelewa kama dakika moja, kisha Rispah akatokea, kilemba kirefu, Biblia juu. Alipomaliza kuapa, vigelegele vilipigwa Toongabbie mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Mchungaji Kamande akasimama kuomba, akaomba kwa kirefu kama kawaida yake, na Kawira akalia machozi ya furaha. Alijiona kama yeye ndiye aliyeapishwa.

Hajafuta machozi, kamera ikahamia nje ya Bunge. Waandishi wa habari wamemzunguka Rispah, vinasa sauti mdomoni. Mmoja akamuuliza ana neno gani.

"Kwanza namshukuru Mungu," akasema Rispah. "Pili chama changu. Tatu, mume wangu, aliyesimama nami tangu mwanzo." Akanyoosha mkono, akamvuta mwanamume mwenye suti ya kijivu.

"Mum," akasema Cheryl. "That's Dad."

Mwiko ulimponyoka Kawira, ukaanguka juu ya zulia, na hakuna aliyeinama kuuokota. Alimtazama yule mwanamume. Suti ile aliipiga pasi yeye mwenyewe siku ya safari.

"Haiwezekani," akasema. "Haiwezekani. Haiwezekani."

"Dada, ngoja kwanza," akasema mchungaji Kamande. "Pengine ni mambo ya kamera tu. Siasa ni maigizo. Si ulisema wewe mwenyewe kwamba wakubwa walitaka awe na bwana?"

Kawira akalidaka neno hilo kwa mikono miwili. "Ee! Ndiyo! Nilimwambia aazime wangu, mnakumbuka? Jikoni pale! Tulicheka!" Akawatazama mmoja mmoja, akitaka acheke hata mmoja wao. "Ameazima tu. Ni mchezo. Mutua huyo, na utani wake wa kijinga, nitamkomesha akirudi!"

Dorothea akacheka, kwa huruma, kicheko kibaya kabisa.

Ndipo kamera ikasogea kidogo kushoto, na pembeni mwa Mutua akaonekana bibi mmoja mfupi, akicheza, mikono juu. Amevaa koti la zambarau. Vifungo vya mbao vilikuwa vimefungwa vyote hadi shingoni.

Bibi wa watu, asiyejua uongo wala maigizo, anayesali asubuhi na jioni, amefuata nini pale mbele ya kamera?

Akampigia Mutua. Haikushikwa. Akapiga tena. Haikushikwa. Akampigia mamamkwe.

"Haloo, mama Cheryl!" Bibi alikuwa akipiga kelele za furaha, na nyuma yake ngoma. "Mnatuona huko?"

"Mama," akasema Kawira. "Rispah amesema Mutua ni mume wake."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama, ni mchezo? Niambie ni mchezo."

"Mchezo gani tena?" Bibi akashangaa kweli kweli. "Si wewe uliyemleta? Alikuja kwangu na blanketi zako na koti lako, akasema, 'Kawira amesema nilale kwako nikuite mama.' Nikamuuliza Mutua, 'Kawira anajua?' Akanijibu, 'Mama, si unaona vitu alivyotuma?' Sasa mimi ningesema nini? Mke gani humtuma mwanamke mwingine kwa mama mkwe wake, na zawadi juu, kama hajakubali? Nikawaita wazee. Nikawaambia mke mkubwa mwenyewe amemleta mwenzake kwa mkono wake. Wakaenda kwao Rispah wakamposa. Walikusifu, mwanangu! Walisema hawajaona mwanamke mwenye moyo kama wako."

Kawira alifungua kinywa. Alitaka kusema hapana, sikumtuma hivyo, nilimtuma alale tu, nilimtuma aheshimike. Lakini kila neno alilolitafuta lilikuwa neno alilokwisha kulisema mwenyewe, kwa mdomo wake, jikoni kwake.

"Umefurahi mpaka umenyamaza!" bibi akacheka. "Ngoja nikupe mwenzako umpe hongera."

Simu ikakwaruza. Kisha sauti ya Rispah, chini, karibu sana: "Dada?"

Kawira alikaa kimya. Rispah naye akakaa kimya. Ikasikika pumzi yake tu, na watu wakimwita Mheshimiwa, Mheshimiwa.

Kisha Rispah akapaza sauti, kwa uchangamfu: "Asante sana, dada yangu! Nimepokea! Mungu akubariki na wewe!" Akakata.

Kawira akabaki na simu sikioni. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Na pale kwenye runinga, kwa kuwa picha ilikuwa ikichelewa, bibi ndiyo kwanza anaingiza mkono mfukoni mwa koti. Wote wakamtazama akiitoa simu, akisoma jina, uso ukimchangamka. Wakamwona akieleza, akicheka, akimpungia Rispah mkono aje. Wakamwona Rispah akiiweka simu sikioni, akitabasamu mbele ya kamera, akitabasamu tu, midomo imefumba, mpaka alipotamka asante yake.

"Mheshimiwa," mwandishi mmoja akamuuliza, "ni nani huyo aliyekupigia?"

"Ni dada yangu wa Sydney," akajibu Rispah, na akamshika Mutua mkono. "Kila nilicho nacho leo, ni yeye aliyenipa."

Na hapo, jamani, hakusema uongo.