Majibu Aliyoyafuta Thoa

Mkuu wa shule alitaka karatasi tatu kutoka darasani kwangu kabla ya saa kumi na moja jioni. Mbili nilishazipata. Ya tatu ilikuwa ya Thoa.

Ni karatasi fupi. Mzazi anatia saini kwamba mwanawe, kwa hiari yake, hatafanya mtihani wa kuingia darasa la kumi na badala yake ataenda chuo cha ufundi. Walio dhaifu wasipoufanya, wastani wa shule haushuki.

Mama yake, Bi Nhàn, alikuja moja kwa moja kutoka sokoni anakouza mikate ya mchele ya mvuke, mikono bado inanuka vitunguu vya kukaanga. Thoa aliketi kando yake, macho sakafuni.

"Mwalimu Khiêm, kwani mtoto wangu mjinga kiasi hicho?"

"Sijasema hivyo, dada. Lakini hesabu kapata mbili kwa kumi. Akienda kule atadhalilika bure." Nilimgeukia Thoa. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Asaini tu. Mimi ndiye mkia wa darasa, kila mtu anajua."

Bi Nhàn akashika kalamu. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika arobaini. Nilikuwa namwombea asaini upesi, nikiri ukweli.

Badala yake akauvuta mtihani wa Thoa uliokuwa mezani, kando ya karatasi yangu ya majibu. Akaanza kulinganisha namba kwa kidole, kama anayekagua risiti.

"Hapa kwako pameandikwa kumi na mbili. Na hapa chini ya mstari huu, si kumi na mbili hii?"

Niliinama. Ilikuwa kumi na mbili, imekatwa kwa wino, na juu yake pameandikwa tisa. Nikashuka swali la pili, la tano, la sita. Nilipomaliza nilikuwa nimehesabu majibu saba sahihi, yote yamekatwa. Mimi niliyesahihisha sikuwa nimeyatazama.

"Thoa, nani alikwambia uyafute?"

Alikunja pindo la shati. "Hakuna. Nikiona jibu limekuja lenyewe, najua nimekosea. Mtu kama mimi halipati hivihivi."

Bi Nhàn aliifunika kalamu. "Mwalimu, mimi sisaini."

"Dada, mkuu anasubiri."

"Basi mwambie mimi ndiye niliyekataa."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mkuu mwenyewe. "Vipi, tayari?"

"Huyu atafanya mtihani," nikasema.

Aliitazama karatasi isiyo na saini, kisha akafunga mlango. Muhula uliofuata nilinyang'anywa darasa langu.

Wiki sita zilizobaki kabla ya mtihani nilimfundisha Thoa kila alasiri kwa sharti moja: akishaandika jibu, haligusi mpaka anionyeshe kosa liko wapi. Mara mbili alilia. Mara moja aliondoka akaacha mkoba.

Matokeo yalipotoka, hesabu alipata sita na robo. Fasihi ilimvuta chini, akaingia darasa la kumi kwa kuzidi kiwango kwa nusu alama tu. Nilimpigia simu.

"Mwalimu, una hakika siyo Thoa mwingine?"

Nikamsomea namba yake ya mtihani, tarakimu mojamoja, mara mbili.